Koleo Namba 417

Kaka yangu Sitati hakimbii polisi. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wa ploti yetu hapa Free Area wangekuambia juu yake, na wangekuambia wakitingisha kichwa, kama watu wanaotaja ugonjwa. Gari la polisi likikata kona pale steji, vijana wote hupotea, hata wale ambao hawajafanya kitu. Sitati hubaki amesimama na begi lake mgongoni, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Hiyo miguu ulipewa ya nini?" Travis wa mlango wa nne alimuuliza siku moja. Travis yeye hukimbia hata akisikia pikipiki.

"Nikikimbia wataniuliza mbona nimekimbia. Nikisimama wataniuliza mbona nimesimama. Afadhali hiyo ya pili, haichoshi."

"Hiyo ya pili unaulizwa ukiwa ndani ya gari, buda."

Ni kweli. Sitati ana miaka ishirini na moja na anasomea umeme katika chuo cha ufundi kule upande wa pili wa mji. Mwaka huu ndio wa mwisho. Shida yake yote hutoka kwenye begi. Ndani yake kuna tester, bisibisi nne, tepu nyeusi, vipande vya waya na koleo la kukatia waya. Mwanafunzi wa umeme bila vitu hivyo ni kama mshonaji bila sindano, lakini polisi akifungua begi haoni mwanafunzi, anaona mlango wa nyumba ya mtu ukivunjwa. Mwaka wa kwanza waliwahi kumkalisha ukingoni mwa barabara kutoka saa nne hadi saa sita, mpaka mwalimu mmoja akapita na kusema anamjua. Mwaka wa pili walimshusha kwenye boda boda mara tatu kwa mwezi mmoja.

Kila mara huuliza swali lile lile, kwa sauti ya chini: "Nimekosa nini, afande?" Kisha husoma jina lililo kifuani mwa askari na kuuliza tena akilitumia. Hapo ndipo mambo huharibika. Askari hapendi kuitwa jina lake na kijana ambaye yeye mwenyewe anamwita "wewe". Mama amemwambia mara nyingi aache hiyo tabia. Sitati hujibu kwamba jina limeandikwa hapo ili lisomwe.

Sasa nieleze habari ya koleo, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki.

Babu yetu, baba yake mama, alikuwa fundi katika karakana ya reli hapa Nakuru. Kila fundi alikuwa na namba yake ya kazi, na namba hiyo ilipigwa kwa muhuri wa chuma kwenye kila chombo alichopewa, pamoja na herufi mbili za reli, K.R. Ya babu ilikuwa 417. Ule muhuri wake wa kupigia tarakimu ya saba ulikuwa umevunjika chini, kwa hivyo saba zake zote hazina mguu, zimekatika katikati. Siku ya kustaafu kila fundi aliachiwa chombo kimoja alichokuwa amekizoea. Babu alichagua koleo. Alipofariki likabaki kwa sanduku, na Sitati alipoitwa chuoni mama akalitoa, akalipaka mafuta, akampa.

Kwetu kitu chenye K.R. si ajabu. Mwenye ploti, Mzee Owino, alikuwa gadi wa treni, na watu wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walipohama wengi walikuja kupanga kwake. Milango ni kumi na mbili, saba ni ya watoto na wajukuu wa reli. Utakuta K.R. chini ya sinia, kwenye taa, kwenye ndoo. Hatuzioni tena hizo herufi, vile mtu haoni rangi ya mlango wake.

Basi hiyo Jumatatu ilinyesha asubuhi. Chuoni kuna sheria kwamba mwanafunzi akiingia na vyombo vyake anavionyesha getini, soja anaviandika kwenye kitabu kikubwa, na akitoka jioni vinalinganishwa. Soja wa zamu alikuwa Kemboi, mtu mnene mwenye sweta ya kijani, ambaye kwa miaka mitatu amelipekua begi la Sitati mpaka analijua kuliko mimi. Lakini mvua ilikuwa kubwa. Kemboi alijibanza ndani ya kibanda chake na kupungia kila mtu aingie.

Sitati alisimama pale dirishani akilowa. "Boss, andika vyombo vyangu."

"Ingia, wewe. Unataka kitabu kilowe?"

"Nitakishika mimi, nikikinge na begi."

"Nimesema ingia."

Akaingia. Saa kumi jioni ikagundulika koleo moja limepotea kwa karakana ya chuo. Geti likafungwa na mabegi yote yakafunguliwa. La Sitati lilipofunguliwa, koleo likatoka, na kitabu kilipofunguliwa jina lake halikuwemo.

"Hii haiko kwa kitabu," Kemboi alisema.

"Asubuhi nilikuambia uandike, ukakataa."

Mkubwa wa masoja alikuwa amesimama hapo hapo. Sitati alituambia baadaye kwamba Kemboi alimtazama mkubwa wake, akatazama kitabu, akatazama viatu vyake. Halafu akasema, "Mimi huandika kila kitu."

Polisi wakaitwa. Aliyekuja alikuwa Koplo Muiruri, ambaye Sitati tayari alikuwa amemwita jina lake barabarani zaidi ya mara moja. Muiruri aligeuza koleo mkononi, akaona herufi, akafurahi.

"K.R.," alisema. "Kwa hivyo ama ni ya chuo, ama ni ya reli. Zote mbili ni mali ya serikali. Chagua wewe unataka gani."

"Ni ya babu yangu, Afande Muiruri."

"Babu yako ni serikali?"

Walimpeleka kituoni, wakaandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio, wakaweka koleo kwenye droo. Jioni hiyo hiyo mama na mimi tulienda, wakamwachilia na kumwambia arudi Jumatano. Mama aliniambia njiani kwamba yule koplo hakuomba hata pesa ya chai. Alisema hilo kwa hofu, kwa sababu polisi asiyeomba chai anataka kitu kingine.

Alichotaka tulikijua Jumanne. Madam Nyakio, ambaye ndiye mkuu wa masuala ya wanafunzi chuoni, alimwita Sitati ofisini. Mtihani wa vitendo wa mwisho ulikuwa Ijumaa, na mwanafunzi mwenye kesi polisi hapewi kadi ya mtihani. Lakini yeye alikuwa amezungumza na koplo na wakapata njia. Sitati aandike sahihi kwenye karatasi fupi, kwamba alilichukua lile koleo chuoni kimakosa. Chuo kingemsamehe, polisi wangefunga faili, na Ijumaa angefanya mtihani kama wengine.

"Nisamehewe nini, Madam?" Sitati aliuliza.

"Sitati, mimi nakusaidia."

"Najua. Nauliza tu nasamehewa nini."

Alirudi nyumbani akaketi kwenye stuli na kuanza kukwaruza matope ya viatu. Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Weka sahihi," alisema.

"Siweki."

"Miaka mitatu umeenda hiyo shule. Mimi nafua nguo za watu huko mtaa wa Section 58 mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Ni koleo tu. Waache nayo."

"Si koleo, mama. Nikiweka sahihi, kila siku begi langu likifunguliwa, kuna karatasi mahali inasema mimi ni mwizi. Wakati huu wananishika bila sababu. Nikiandika, nitakuwa nimewapa sababu."

"Na ukikosa kadi?"

Sitati alichukua kiatu cha pili. Mama aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mara tatu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Wewe huna wa kukutetea," alisema. "Hiyo ndiyo kitu hutaki kuelewa. Mtu asiye na wa kumtetea anainamisha kichwa, anapita."

"Mimi nimechoka kuona viatu vya watu," Sitati alisema.

Tulikula. Mimi nilijua mama ameshaamua: Jumatano angeenda naye, na angemsimamia mpaka aandike.

Jumatano tulienda watatu. Koplo Muiruri alikuwa kwenye kaunta, na karatasi ilikuwa tayari, imeandikwa kwa mkono wake. Kalamu ilikuwa juu yake. Sitati aliweka mikono mfukoni.

"Mathe, mwambie kijana wako atoe mikono," Muiruri alisema. "Ni dakika moja tu."

"Nisomee kwanza," mama alisema. "Macho yangu si mazuri."

Macho yake ni mazuri. Nafikiri alitaka tu muda. Muiruri akasoma haraka haraka, vile watu husoma kitu wasichotaka kisikike. Mimi, jina, kitambulisho namba fulani, nakubali kwamba nilichukua kimakosa koleo moja lenye namba 417, mali ya chuo.

Mama aliinua kichwa. "Rudia hapo."

"Wapi?"

"Kwa namba."

"Koleo moja lenye namba 417, mali ya chuo."

Mama aliweka kiganja juu ya kaunta. Halafu akaongea, lakini si kwa Muiruri hasa. Alikuwa kama anaiambia ile kaunta.

"Nilikuwa na miaka saba. Kila siku saa sita nilipeleka chakula pale geti ya karakana. Askari wa geti hakujua jina la baba yangu. Alikuwa anaita kwa sauti, 'Chakula cha 417.' Baba anatoka, mikono iko na grisi, anachukua kopo, ananipa kopo tupu la jana nirudi nalo. Hiyo namba nilijua kuisoma kabla nijue kusoma jina langu." Akamgeukia koplo. "Afande, hiyo si namba ya chuo. Hiyo ni baba yangu."

"Mathe, hiyo ni hadithi. Iko wapi kwa karatasi?"

Mama alichukua kalamu. Nilidhani anataka kumpa Sitati. Aliifunika kifuniko chake, akairudisha upande wa Muiruri wa kaunta.

"Haweki sahihi."

"Mtihani ni keshokutwa."

"Najua siku, afande. Kesho asubuhi tutarudi."

Tukatoka. Sitati alitembea nyuma yetu mpaka barabarani, kisha akamshika mama kiwiko ili avuke. Huwa hafanyi hivyo.

Jioni hiyo maji ya mfereji yalikuwa yamerudi, kwa hivyo ploti nzima ilikuwa uani na mitungi. Mama alisimama katikati, akaeleza mambo yote kutoka mwanzo, mvua na kitabu na droo. Kisha akauliza kama kuna mtu hapo nyumba yake haina mali ya serikali.

Watu wakatazamana. Mama Trizah wa mlango wa saba alianza kucheka polepole, mpaka akaweka mtungi chini.

"Eucabeth," alimwambia mama, "mimi hata sinia ya kupepetea mchele itanifunga."

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa watu tisa kwenye foleni ya kituo. Mbele alikuwa Mzee Owino, amevaa koti lake la kanisa, na mkononi ana ile taa ya gadi yenye kioo chekundu upande mmoja na kijani upande wa pili. Aliiweka juu ya kaunta taratibu.

"Habari ya asubuhi, mzee," Muiruri alisema. "Umeokota taa?"

"Sijaokota. Andika kwa OB kwamba nimepatikana na mali ya serikali."

"Nani amekupata?"

"Nimejipata mwenyewe."

Muiruri alicheka, kisha akaona foleni, kisha akamwona mama na Sitati mwishoni mwake, akaacha.

"Mzee, nenda nyumbani."

"Siwezi kwenda nyumbani na hii. Chini imeandikwa K.R. Nimesikia kijana wa jirani ameshikwa kwa hizo herufi. Mimi ni mtu wa sheria, nimekaa nayo tangu nistaafu, nimeona aibu. Andika, unipe namba ya OB, nikakae pale kwenye benchi ningoje kushtakiwa."

Akaenda akakaa kwenye benchi. Mama Trizah akasogea na sinia.

"Na mimi. Geuza uone chini. Nimeisugua lakini hiyo harufu ya samaki wa omena haitoki, utanisamehe."

"Mama, hapa ni kituo cha polisi."

"Ndiyo nimekuja. Ningeenda sokoni kama ni kuuza."

Askari wengine wawili walitoka ofisi ya nyuma kuangalia. Mmoja aligeuka ukutani, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Kwenye kaunta kulikuwa sasa na taa, sinia, ndoo moja, na spana kubwa ambayo Jackie wa mlango wa pili huitumia kuzuia mlango usigongwe na upepo. Wa tano alikuwa Travis. Alikuwa na firimbi ya babu yake, ameifunga kwenye kidole kwa kamba, na jicho moja lilikuwa kwenye mlango wa kutokea.

"Wewe nakujua," Muiruri alisema.

"Ndio, afande. Mimi ndiye huwa nakimbia."

"Na leo?"

"Leo nimekuja na miguu yangu. Andika kabla nibadilishe nia."

Mtu akija kituoni kuripoti lazima aandikwe, na aliyeandikwa lazima afunguliwe faili, na faili lazima mtu aeleze limefika wapi. Mzee Owino alilijua hilo na Muiruri alilijua zaidi. Aliangalia kitabu cha OB, akaangalia benchi ambalo lilikuwa limejaa, akaangalia wale waliokuwa bado wamesimama.

Mama alifika kaunta wa mwisho. Alikuwa na kopo la chakula la babu, lile la bati lenye kifuniko, ambalo babu alilipiga mihuri ya kazini ili lisichanganywe na ya wenzake. Aliligeuza juu chini.

"Toa koleo," alisema.

Muiruri alifungua droo. Mama aliweka kopo kando ya koleo, akasukuma vyote viwili kwenye mwanga wa dirisha. K.R. 417 na K.R. 417. Saba mbili, zote mbili hazina mguu, zimekatika mahali pamoja.

"Niambie hili kopo pia limeibwa kwa chuo," mama alisema. "Niambie chuo kilikuwa kinapikia baba yangu."

Hakuna aliyecheka hapo. Muiruri aliangalia zile saba kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya moja, kisha juu ya nyingine. Mwishowe alilichukua koleo akalisukuma kuelekea kwa Sitati.

"Chukua uende. Na hawa watu wako waende na vyombo vyao."

Kila mtu alisimama. Mama alinyoosha mkono kulichukua. Lakini Sitati alikuwa bado amesimama, mikono mfukoni, kama anangoja mvua ipite.

"Andika kwanza, Afande Muiruri."

"Nimekupa. Unataka nini tena?"

"Lilipoingia liliandikwa, na mimi nikaandikwa nalo. Likitoka liandikwe. Nikienda hivi, kwa kitabu mimi bado nimeshikwa nalo, na kesho Madam ataniuliza."

"Wewe kijana una shida."

"Ndio, afande."

Mama alimtazama, na nikajua anataka kumvuta shati tuondoke. Badala yake alirudi akaketi. Mzee Owino akaketi. Mama Trizah akaketi na sinia magotini. Travis alikuwa tayari ameshafika mlangoni; alirudi, polepole, akasimama kando ya ukuta.

Muiruri aliandika. Alipomaliza Sitati alimwomba amsomee, na akasoma: koleo moja linaloshukiwa kuwa la wizi, limerudishwa kwa mwenyewe.

"Hapo kwa kushukiwa," Sitati alisema. "Toa."

Kalamu ilikaa hewani kidogo. Kisha ikakata hayo maneno kwa mstari mmoja mrefu, na juu yake ikaandika, mali ya marehemu babu yake, K.R. 417. Sitati aliandika namba ya OB nyuma ya mkono wake na kulichukua koleo. Alasiri hiyo Madam Nyakio aliisoma namba kwenye mkono, akapiga simu moja, akatoa kadi ya mtihani kwenye droo yake. Lile koleo la chuo, alisema akiangalia pembeni, lilikuwa limepatikana Jumanne chini ya meza. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Sitati.

Ijumaa nilimsindikiza mpaka getini. Jua lilikuwa limetoka. Kemboi alituona tukiwa mbali, na tulipofika akapunga mkono.

"Ingia tu leo. Una mtihani."

Sitati alivua begi, akalifungua juu ya meza yake. Akatoa tester. Akatoa bisibisi moja baada ya nyingine, akazipanga. Nyuma yetu foleni ikaanza kukua na wanafunzi wakaanza kunung'unika.

"Komredi, tunachelewa," mmoja alisema.

"Hata mimi," Sitati alijibu bila kugeuka. "Andika, boss."

"Nimekuambia ingia."

"Hata Jumatatu uliniambia niingie."

Kemboi aliangalia chini. Akavuta kitabu, akatafuta kalamu kwenye sweta, akaanza kuandika, tester moja, bisibisi nne, tepu. Alipofika kwenye koleo alisita, hajui namba iko upande gani. Sitati akaligeuza ili isomeke, na akangoja mpaka ile saba ya mwisho iandikwe.